Rideau au Trent-Severn, njia mbili za maji za kupita boti huko Kanada, we ungepanda boti wapi?

Sie wa Mtwara tukivuka kwenda Msangamkuu maji yakijaa yakipwa ni shauri ya mwezi, kumbe Kanada maji yanajazwa na mtu! Rideau ni km 202, Ottawa mpaka Kingston, ilifunguliwa 1832 na mageti mengi bado yanafunguliwa kwa kuzungusha winchi kwa mkono, boti ikishaingia geti linafungwa nyuma, maji yanapanda taratibuu we umeshika kamba tu. Trent-Severn ndo ndefu, km 386, na ina vituko: pale Peterborough boti inaelea ndani ya tangi halafu tangi zima na maji yake linanyanyuliwa karibu mita 20, ukifika Big Chute unapakiwa kwenye behewa la reli unapita nchi kavu, jamani. Mi kura yangu Trent, Rideau waachieni wazee wasio na haraka.