OptiPlex za mtumba: ipi ununue, na kwa nini naikwepa ile nyembamba

Msimu wa mvua ukianza, ujumbe wa wasomaji hufanana: "Dada, umeme ulikatika, uliporudi kompyuta ya steshenari ikagoma kuwaka. Fundi anasema pawasaplai yake haipatikani." Ukiuliza ni mashine gani, mara nyingi ni Dell OptiPlex, lile kasha jembamba linalolazwa chini ya skrini.

Kwa hiyo leo sizungumzii RAM wala ukubwa wa diski. Hivyo vinabadilishwa dakika kumi na kila duka Kariakoo wanavyo. Swali langu ni moja: pawasaplai, kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme, ikiungua, utapata nyingine wapi?

OptiPlex ilianza mwaka 1993 kama kompyuta ya maofisini, na Januari 2025 Dell wakalistaafisha jina. Mpya sasa zinaitwa Dell Pro. Sisi wa mtumba bado tuna mzigo wa kutosha, maana tunanunua zile ambazo makampuni ya nje yamezitumia miaka michache kisha yakazitoa kwa mkupuo. Ukoo huu nao ulishaugua vibaya. GX270 na GX280 za miaka ya 2003 hadi 2005 zilitoka na kapasita mbovu zilizovimba na kuvuja kwenye madabodi, na mwaka 2005 Dell wakatenga dola milioni 300 kwa ajili ya balaa hilo. Ukiikuta moja stoo kwa mtu, mwachie.

Sasa tuje kwenye umeme. Ile OptiPlex 7010 ya 2012 yenye kasha kubwa, MT, inatumia plagi ya kawaida ya pini 24 kati ya pawasaplai na madabodi. Pawasaplai ya duka lolote inaingia. Zilipokuja 3020 na 9020, Dell wakaweka plagi yao ya pini 8, baadaye ya pini 6. Waya za kugeuzia zipo, na kwenye kasha kubwa fundi ana nafasi ya kuhangaika. Kwenye jembamba, SFF, hata umbo la pawasaplai ni lao peke yao, hivyo utategemea iliyong'olewa kwenye mashine nyingine iliyokufa.

Namba yangu moja, bila kupepesa macho, ni 7060 au 5060 Micro, ile ndogo unayoweza kuifunga nyuma ya skrini. Pawasaplai haimo ndani. Inatumia adapta ya volti 19.5 kama laptop za Dell. Umeme ukirudi kwa hasira, mara nyingi inayokufa ni adapta, na unanunua nyingine jioni hiyo hiyo. Prosesa yake ni ya kizazi cha 8, ndiko Windows 11 inakoanzia kwa Intel, na Windows 10 iliachwa rasmi Oktoba 2025. Ubaya wake: RAM ni za laptop, na 7060 ina DisplayPort mbili, kwa hiyo skrini yako ya zamani ya VGA itadai kigeuzi.

Ya pili ni 5060 au 7060 ya kasha kubwa, kwa anayetaka kuongeza kadi ya picha. Ya tatu, 7010 MT ya 2012, kwa mwenye bajeti ndogo anayechapa barua na kutoa kopi. Weka SSD, weka Linux, basi. SFF, hata ikiwa 7060, naiweka mkiani.

HP EliteDesk 800 G4 Mini na Lenovo ThinkCentre M720q nazo ni nzuri na zina adapta za nje. Mimi ni mtu wa Dell, sifichi. Napenda ile stika ya herufi na namba 7: unaiingiza kwenye tovuti yao na kuona mashine ilitoka lini na ilikuwa na nini ndani.

Stika hiyo itakuokoa na mchezo mmoja. Dell walilirudisha jina 7010 mwaka 2023 kwenye mashine za kizazi cha 13. Sasa muuzaji anaandika "OptiPlex 7010 i5" na kunyamaza. Soma namba ya prosesa: i5-3470 ni ya 2012, i5-13500 ni ya juzi. Anayekwambia "i5 ni i5 tu, dada" mwache aendelee kuongea na ukuta.

Ukiwa dukani na unanunua yenye pawasaplai ya ndani, igeuze. Nyingi zina kitufe kidogo karibu na tundu la waya wa umeme. Chomeka waya, bonyeza: taa ya kijani ikiwaka, pawasaplai iko hai. Wauzaji wengi hawajui kama kipo, na wanaojua hawakuonyeshi.

Bei siandiki, kwa sababu bei yenyewe haiandikwi. Tangazo lina picha tano na maneno "bei njoo inboksi". Ukifuata winga, anakupeleka duka ambalo ungelifika mwenyewe, kisha cha juu chake kinaingia kwenye bei yako. Na kinachonikera kuliko vyote: Micro inauzwa bila adapta, halafu adapta inakuja kama huduma ya ziada. Ulizia kabla hujatoa hela, na iwe ya Dell halisi ya wati 65 kwa prosesa zenye herufi T mwishoni mwa namba. Mashine inaitambua adapta yake. Ukiipa ya kuokoteza inalalamika ikiwaka na kujipunguza kasi.