Nililipia wakaguzi watatu kabla ya kununua nyumba Goba, Dar es Salaam, na kila mmoja aliona kitu tofauti

Nyumba ilikuwa na hati, vyumba vitatu, kisima, na ukuta pande zote. Mzee mwenye nyumba alitaka milioni 85. Mimi ni nesi, mume wangu anaendesha lori la masafa marefu, na fedha yetu ilikuwa akiba ya miaka 11 pamoja na mkopo wa benki. Naandika kwa ajili ya mtu aliyeambiwa "nyumba imeshakaguliwa" akalala usingizi, kama nilivyolala mimi mwezi wa pili.

Aliyeniambia hivyo ni afisa mikopo. Benki ilimtuma mthamini, laki 5 nikalipa mimi. Alikuwa kijana mwenye adabu. Akapima vyumba, akapiga picha, akauliza nyumba ilijengwa mwaka gani, na ndani ya dakika 40 akawa ameondoka. Ripoti ilikuja na kurasa 18 na muhuri: thamani ya soko hii, thamani ya kuuza kwa haraka hii. Niliisoma nikiwa zamu ya usiku. Karibu na mwisho pana aya moja fupi inayosema msingi, paa kwa ndani na mfumo wa umeme havikukaguliwa, na mipaka imechukuliwa kama ilivyoonyeshwa siku ya ukaguzi. Imeonyeshwa na nani? Na dalali, nilikuwepo.

Mthamini simlaumu hata kidogo. Benki ilimtuma ajue kama mkopo ukishindikana nyumba itauzika kwa shilingi ngapi, na hilo alilijibu vizuri. Wodini mgonjwa akija na mguu umevimba hatumpimi malaria, majibu yakitoka safi tukamruhusu aende nyumbani. Kipimo kilikuwa sahihi, ila swali langu lilikuwa jingine.

Mama mdogo ndiye aliyenishika mkono. Nilimpelekea ripoti kwa furaha, hata kuifungua hakuifungua. "Mwanangu, bikoni umeziona?" Alimaanisha zile alama za zege zinazowekwa kwenye kona za kiwanja. Nikamwambia dalali amenionyesha kwenye simu, kuna programu inayoonyesha kiwanja. Akasema, "Simu si mpima."

Nikatafuta mpima ardhi mwenye leseni. Nakazia neno leseni, maana mtaani wapo vijana wenye mashine nzuri wasio nayo, na kazi yao Wizara ya Ardhi haiitambui hata iwe nadhifu namna gani. Huyu, ofisi yake iko Mwenge, alitaka laki 6 na nusu kuhakiki mipaka, na ndani ya bei hiyo akafuatilia ramani ya upimaji iliyosajiliwa ya kiwanja chetu. Alitutaka pia tufanye upekuzi wa hati kabla yeye hajatoka ofisini: mmiliki ni nani, kuna rehani, kuna zuio la mahakama? Akasema haiingii akilini kupima mipaka ya nyumba ambayo anayeiuza huenda si yake. Upekuzi ulitoka safi.

Siku ya kwenda uwanjani alichelewa. Tuliahidiana Jumanne, akaja Alhamisi, na simu za Jumatano hakupokea. Hilo namkata nyota moja bila kusita, kwa sababu nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Lakini alipofika alifanya kazi. Alisimamisha mashine ya setilaiti juu ya fimbo, akaanza kutoka kwenye alama za upimaji zilizo mbali na kiwanja ndipo akaja kwetu, na nilipomwonyesha ile programu ya dalali akanieleza kwa subira kitu ambacho sitakisahau. Ramani nyingi za zamani za upimaji zimechorwa kwa mfumo wa kutaja mahali kwa namba unaoitwa Arc 1960. Simu inasoma mfumo mwingine, WGS84. Ukichukua namba za ramani ya zamani ukaziingiza kwenye simu bila kuzigeuza, hapa kwetu unatupwa karibu mita 300, yaani mtaa mwingine kabisa. Na hata ukizigeuza sawasawa, simu ya kawaida inaweza kukosea mita kadhaa. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30, mita kadhaa ni chumba kizima.

Bikoni tatu tulizipata, mbili ziko wazi na moja imefukiwa chini ya banda la kuku, zege lake zima na namba yake inasomeka. Ya nne haikuwepo, akairudishia mahali pake kwa vipimo. Hapo ndipo mzee mwenye nyumba alipokaa kimya. Ukuta wa nyuma ulikuwa umetoka nje ya kiwanja mita 2 na sentimita 10, umeingia kwenye njia ya maji ya mvua inayoshuka bondeni. Na karo la choo lilikuwa huko huko nje. Kiwanja ambacho hati inakitaja hakikuwa na karo.

Namtetea mzee: nyumba aliinunua ikiwa hivyo hivyo, na nina hakika hakujua. "Nimeishi humu miaka 9, mama," aliniambia, na nilimwona ameumia.

Kama kiwanja chako kiko karibu na mto au bahari, mwambie mpima akupimie na zile mita 60 kutoka ukingoni ambamo Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza kujenga. Kama kiko kando ya barabara kuu, apime na hifadhi ya barabara, ile ardhi iliyotengewa barabara. Mwaka 2017, wakati wa kupanua Barabara ya Morogoro, nilikuwa napita Kimara nikienda kazini na kuona nyumba za ghorofa zikishushwa, watu wamekaa juu ya magodoro yao pembeni. Picha hiyo ndiyo iliyonifanya nisione laki 6 na nusu kuwa nyingi.

Wa tatu alikuwa mhandisi wa majengo, amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, laki 4. Mume wangu hakumtaka. Alisema fundi wetu anatosha, amejenga nyumba nusu ya mtaa wa shemeji. Fundi akaja, akagonga kuta kwa ngumi, akasema nyumba ni imara, na kwamba ile mipasuko jikoni ni ya plasta tu. Labda angekuwa sahihi. Ila mhandisi aliukwangua ule wa pembe ya dirisha mpaka tofali, akatuonyesha kwamba unapita ndani na unapanda kwa mshazari kuelekea linta, ile boriti iliyo juu ya dirisha. Akasema kona hiyo imetitia kidogo, kwa sababu maji ya paa yalikuwa yanamwagika pale pale kwenye msingi, gata hakuna. Aliweka alama mbili za penseli kila upande wa ufa, akapima upana, akaandika tarehe ukutani.

Paani hakupanda siku ya kwanza kwa sababu hakuja na ngazi, na mhandisi anayekuja kukagua nyumba bila ngazi ananishangaza. Tukakodi. Juu ya dari ya jipsamu iliyokuwa inang'aa sebuleni, kenchi mbili, zile mbao zinazobeba paa, zilikuwa zimeliwa na mchwa, unazibonyeza kwa kidole unga unatoka. Hakuna mtu mwingine aliyeingiza kichwa mle ndani, si mthamini, si fundi, si sisi. Ripoti yake ilikuwa kurasa 4 za Kiswahili, kila tatizo na makadirio ya gharama. Ile ya mpima ilikuwa Kiingereza kitupu, ikabidi nimpigie anieleze mstari kwa mstari.

Tulirudi kwa mzee na karatasi zote mbili mezani. Hatukugombana. Alishusha mpaka milioni 76, na karo jipya ndani ya mipaka likachimbwa kwa gharama yake kabla hatujasaini. Ukuta tuliurudisha sisi.

Kama ningeanza upya ningefuata mpangilio mwingine: upekuzi, mpima, mhandisi, na benki ikaja mwisho kuthamini nyumba ambayo naijua. Mpima nampa nyota 4, mhandisi 4 na nusu. Ukiwa na fedha ya mmoja tu na nyumba iko kwenye mteremko au bondeni, mchukue mpima. Kenchi zinabadilishwa. Karo lililo kwenye njia ya maji ya watu wote halina fundi.

Masika yamepita. Jikoni nimekataza mtu asipake rangi pale kwenye alama za penseli. Kila tarehe mosi napima kwa rula ya mwanangu ya shule, na ufa bado ni milimita 3 kama siku ile.