Vipimo vya alama za saratani kwenye maji ya kifua: cha kulipia na cha kuacha hapa Mwanza

Kifurushi tunachokipima hapa kina alama tano, yaani protini zinazoweza kupanda kukiwa na saratani: CEA, CYFRA 21-1, NSE, CA 125 na CA 15-3. Vyote husomwa kwenye maji yaliyovutwa kifuani, na ndugu huvinunua kwa matumaini mawili: vitasema kama maji yametokana na saratani ya mapafu, na vitasema mgonjwa amebakiwa na muda gani. La kwanza hutimia nusunusu. La pili ndilo linalokula fedha bure.

CEA inastahili bei yake. Saratani ya mapafu aina ya adenokasinoma huimwaga kwa wingi, wakati utando wa kifua wenyewe hauitengenezi. CEA ya maji ikizidi nanogramu 5 kwa mililita, shaka inaanza; ikipita 50, ni nadra kifua kikuu kuwa ndicho sababu. Usaha kifuani nao huipandisha, kwa hiyo isisomwe peke yake. Damu ipimwe siku hiyohiyo: kiwango cha maji kikizidi cha damu, chanzo kiko kifuani.

CYFRA 21-1 ni kipande cha protini iitwayo saitokeratini 19, na utando wowote uliochubuka hukitoa. Hapa kuna kosa la kuangalia kwenye karatasi ya majibu: kikomo cha 3.3 kilichochapwa pembeni ni cha damu. Maji ya mtu asiye na saratani kabisa yanaweza kukivuka, na familia ikaanza kulia.

CA 125 hutengenezwa na utando wa kifua wenyewe, hivyo hupanda hata moyo ukishindwa kazi. Ifutwe. NSE imo ndani ya chembe nyekundu za damu: maji yenye damu, au chupa iliyotikiswa barabarani hadi chembe zikapasuka, hutoa namba kubwa ya uongo. Iachwe, isipokuwa daktari anashuku saratani ya seli ndogo. CA 15-3 kwa kawaida huongeza kidogo tu juu ya kile ambacho CEA imeshasema.

Huduma nzuri huharibikia njiani. Saitolojia, yaani kutazama seli za maji kwa hadubini, ipewe kwanza mililita 50, isipungue 25, kwa sababu yenyewe ndiyo inayothibitisha saratani kwa macho, ingawa hukosa takribani wagonjwa 4 kati ya 10. Kwa CEA zinatosha mililita 5 kwenye chupa isiyo na dawa, zizungushwe kwenye mashine na maji ya juu yatunzwe kwenye nyuzi 2 hadi 8. Sampuli ya Ukerewe inavuka ziwa kwa meli. Ya Sengerema, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, haisubiri tena kivuko. Kwa vyovyote chupa isigusane na barafu, maana seli zikiganda hupasuka. Boksi la samaki linafaa, mradi kuwe na gazeti katikati. Na mgonjwa anayemeza vidonge vya nywele na kucha aviache siku mbili kabla ya kutoa damu: bayotini iliyomo huvuruga baadhi ya mashine.

Sasa hilo la muda. Tafiti zinazohusisha CEA au CYFRA kubwa na maisha mafupi zimetumia vikomo na mashine tofauti. Namba ya mashine moja haihamii nyingine. Tena, seli za saratani zikishaonekana kwenye maji, ugonjwa uko hatua ya 4 tayari, na alama hizo hazibadilishi hilo. Kinachotabiri vizuri zaidi ni vitu vya bei rahisi, vilivyounganishwa mwaka 2014 katika hesabu iitwayo LENT: LDH ya maji (kimeng'enya kinachomwagwa na seli zinazoharibika) ikizidi 1,500, pointi 1, nyutrofili za damu zikizidi limfosaiti za damu (zote ni chembe nyeupe) zaidi ya mara 9, pointi 1, saratani ya mapafu, pointi 2, na uwezo wa mgonjwa kujihudumia, pointi 0 hadi 3. Mgonjwa wa saratani ya mapafu anayeoga mwenyewe lakini hawezi kazi yoyote (2), mwenye LDH ya 1,800, anafika 5. Katika utafiti ule, nusu ya wenye pointi 5 hadi 7 walifariki ndani ya siku 44; wenye 2 hadi 4, siku 130; wenye 0 au 1, siku 319.

Hesabu hiyo nayo ina upofu: haijui jeni. Mwenye badiliko la jeni ya EGFR akipata vidonge vinavyolilenga anaweza kuipita mbali. Kwa hiyo fedha iliyookolewa kwenye CA 125 ielekezwe kwenye bonge la seli litakalotengenezwa kutokana na maji hayohayo, ambalo jeni zaweza kupimwa humo.

Dirishani mwa maabara uliza mashine iko hapahapa au sampuli inasafirishwa, na siku ngapi. Kisha omba saitolojia pamoja na bonge la seli, LDH, protini, CEA ya maji na ya damu, picha nzima ya damu, na ADA ya maji, kimeng'enya kinachopanda kwenye kifua kikuu: ikizidi 40 na limfosaiti za maji zikiwa nyingi, kifua kikuu ndicho cha kufuatwa kwanza.