Kinyago cha ujamaa hakina mgongo: uzoefu wangu

"Mzee, kinaangaliwa mbele tu. Nyuma hakuna kitu."

Hivyo ndivyo alivyonijibu mhudumu wa nyumba moja ya maonyesho ya sanaa jijini Dar es Salaam, siku moja kabla ya masika, nilipoomba kupita upande wa pili wa kinyago cha ujamaa. Kiingilio sikijali, wala kungojeshwa mlangoni. Jibu lile ndilo linalonifanya niandike. Aliyelitoa amekabidhiwa kazi ya kutuonyesha vinyago, na kinyago chenyewe kimesukumwa ukutani mpaka mabega ya watu waliochongwa upande wa nyuma yanagusa plasta.

Kinyago cha ujamaa ni gogo moja la mpingo, hakijaungwa popote. Watu wamepandana mabegani na vichwani, huyu kashika kifundo cha mguu cha yule, na msururu wao unalizunguka gogo kama mtambaazi. Wamakonde waliuita mtindo huu dimongo, yaani nguvu, kabla jina la ujamaa halijashika pamoja na siasa ya Azimio la Arusha la 1967. Fundi anapochonga huligeuza gogo kila mara, tezo kwanza, kisha patasi, kisha tupa na msasa. Hakuna upande anaouanza akasema huu ndio uso. Ukikiegemeza ukutani umeficha nusu ya watu, na waliobaki huwezi kujua wamemshika nani.

Namna ya kukitazama si siri. Simama kwanza mbali, hatua nne au tano, uone kama umbo limenyooka au limefuata mti ulivyopinda porini. Kisha sogea, chagua mguu wa mtu wa chini kabisa, uufuate: umekanyaga nini, mkono wake umeshika nini. Zunguka polepole kuelekea upande mmoja. Ukirudi ulipoanzia, macho yatakuwa yamepanda watu wawili watatu. Rudia ukiwa umechuchumaa, kwa sababu nyuso nyingi za chini zimechongwa zikitazama juu na aliyesimama haonyeshwi chochote. Mwisho tazama matundu, pale patasi ilipotoboa toka upande huu hadi ule. Ukiona mwanga wa upande wa pili ndani ya tundu, ndipo unapotambua fundi aliondoa mti kiasi gani bila kuuvunja. Hapa kila tundu lilinionyesha rangi ya krimu ya ukuta.

Taa nayo ni moja, juu ya kichwa kabisa. Mpingo unameza mwanga. Taa ya juu inang'arisha paji la uso na kuacha macho na midomo gizani, kwa hiyo watu wote wanaonekana wamenuna hata aliyechongwa akicheka. Inatakiwa taa ya pembeni, nyuzi 45 hivi, na nyingine hafifu upande wa pili ya kupunguza vivuli. Taa mbili tu, na mita moja ya nafasi kila upande. Kiweko cha sentimita 40 kingetosha kukileta kinyago cha urefu ule kwenye usawa wa macho.

Sasa nije kwenye kiwi. Wamekipaka kiwi nyeusi ya viatu, harufu yake unaipata ukiwa hatua moja. Kiwi inajaa kwenye alama za patasi na kuzifuta. Inaficha pia rangi ya kweli ya kiini cha mpingo, ambayo ni kahawia iliyokolea inayoelekea zambarau, na inafunika mti mweupe wa nje ambao mafundi wengine huuacha makusudi. Tena hiyo ndiyo hila ya wauza vinyago vya mti mwepesi uliotiwa rangi, hata nikaanza kushuku kama hiki ni mpingo. Ni mpingo. Chini ya unyayo wa mtu wa chini kuna ukanda mweupe ambao kiwi haikuufikia, na pale unapokutana na weusi mpaka wake ni mkali kama wembe. Rangi ya kupaka ingefifia taratibu. Anayenunua sokoni ana kipimo rahisi zaidi: kusugua kwa kitambaa cheupe chenye unyevu aone kama rangi inatoka, na kupima uzito mkononi. Mpingo mkavu ni kilo 1,200 hivi kwa mita ya ujazo, unazama majini.

Kuna na ufa, umeanzia kwenye bega la mwanamke wa tatu kwenda ndani. Juu yake kuna kiyoyozi kinachopuliza moja kwa moja. Mti wa nje unakauka na kusinyaa haraka kuliko wa ndani, wa ndani unakataa kusinyaa, basi unapasuka kuelekea kwenye kiini. Fundi yeyote wa Mwenge, kwenye soko la vinyago la Dar es Salaam, angewaambia wageuze kile kiyoyozi. Ufa kama huo huzibwa kwa gundi na unga wa mpingo, na si aibu kuzibwa. Aibu ni kuuacha uendelee.

Mtu akiniambia vinyago vyetu ni vigumu kuonyeshwa, nitamtuma Mkunazini, Zanzibar. Ile sanamu ya watumwa ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998, imewekwa ndani ya shimo, na mtazamaji analazimika kuinamisha kichwa na kuwatazama toka juu waliofungwa minyororo shingoni. Mahali pamekuwa sehemu ya kazi yenyewe. Hata sanamu ya Askari wa shaba pale Posta, Dar es Salaam, aliyesimama tangu 1927, anazungukika, japo magari yanakukimbiza. Nenda asubuhi na mapema, jua likiwa chini.

Nilikusudia kuandika msiende. Nilipoandika habari ya ule mpaka mweupe chini ya unyayo nikaona nitawanyima kinyago kizuri kuliko vingi nilivyoviona, na kosa si lake. Nendeni. Chukueni kioo kidogo cha mkononi, kile cha kunyolea, mkipitishe kati ya ukuta na bega la kulia bila kugusa mti, kwa pembe, mkijisogeza kushoto taratibu. Mhudumu atanuna. Mtaona mwanamke wa tatu, yule mwenye ufa, ana mtoto mgongoni, na mkono wa mtoto umenyooshwa juu kushika kidole cha mguu cha mzee aliyesimama kileleni.