Uzoefu wangu: telekonveta ya 1.4 kwa ndege wanaoruka, Hombolo, Bahi na Mtera

Telekonveta (kikuzaji cha lenzi) ya 1.4 ninayo bado. Ya 2 nimeiuza. Zote nilizinunua kwa kazi ileile, kupiga ndege walio angani, na anayetaka jibu la haraka anaweza kuishia hapa akaendelea na shughuli zake. Anayetaka sababu, avute kiti.

Mimi ni mpiga picha wa harusi na sendofu hapa Dodoma. Ndege ni wa Jumapili na wa siku ambazo hakuna shughuli. Kamera yangu ya ndege ni Canon 7D Mark II, lenzi ni EF 300mm f/4L IS, na telekonveta ni Canon EF 1.4x III niliyoipata mtumba Dar kwa laki sita na nusu. Kuna watu huniuliza kwa nini nisitafute tu lenzi ya 600mm nikamalizana nayo. Lenzi ya 600mm f/4 ikiwa mpya, kwa fedha yake unapata kiwanja Ihumwa na tofali za kuanzia. Nami kiwanja bado sina.

Kwa ambaye hajawahi kuishika: telekonveta ni kipande kifupi chenye vioo vyake, kinachokaa katikati ya kamera na lenzi na kukuza kile ambacho lenzi imekwisha kukiona. Ya 1.4 inaifanya 300mm iwe 420mm, na f/4 inakuwa f/5.6 (f ni uwazi wa lenzi, namba ikipanda mwanga unapungua), yaani mwanga unaoingia unapungua nusu. Ya 2 inakupa 600mm, lakini unabaki na f/8, robo tu ya mwanga wa mwanzo. Kwa kuwa kihisio cha 7D, kile kipande kinachopokea picha ndani ya kamera, ni kidogo, ile 420 yangu inabana picha kama 670mm kwenye kamera yenye kihisio kikubwa. Kwa hesabu za karatasini hapo hakuna cha kulalamikia, na gramu 225 za hiyo telekonveta mkono hauzisikii.

Kuna zawadi nyingine ambayo wauzaji hawaitaji. Umbali wa karibu kabisa ambao lenzi inaweza kufokasi haubadiliki. Lenzi yangu inafokasi kuanzia mita 1.5, na ukiweka telekonveta bado ni mita 1.5, ila sasa kila kitu ni kikubwa zaidi. Kereng'ende aliyetua kwenye unyasi wa ukingoni anajaa fremu mpaka unahesabu mishipa ya mabawa. Hilo peke yake limenifurahisha kuliko nilivyotarajia, ingawa sikuinunulia hilo.

Sasa tuje kwenye kinachokuuma. Canon wenyewe wanaeleza kwamba ukiweka ya 1.4, mwendo wa mota ya autofokasi unapunguzwa kwa asilimia 50, na ukiweka ya 2 unapunguzwa kwa asilimia 75. Si hitilafu, wamefanya makusudi ili fokasi isipitilize, kwa sababu kosa dogo nalo linakuzwa. Kwa ndege aliyetua mtini huoni tofauti yoyote ya maana. Kwa ndege anayeruka, hapo ndipo kazi yote ilipo. Ndege wa angani humkosi kwa kuwa yuko mbali, unamkosa kwa sababu hukumpata ndani ya fremu au ulimpata fokasi ikachelewa. Telekonveta inakuongezea ukubwa, halafu inabana fremu iwe vigumu kumpata, na inachelewesha fokasi. Inakupa kile ambacho hukukikosa sana na kukupunguzia viwili unavyovihitaji. Ukilielewa hilo utajua lini uifunge na lini uiache nyumbani.

Hombolo ndiko nilikoanza kuipa haki yake. Bwawa liko kilomita kama 40 kaskazini mashariki ya mji, huko kwenye mashamba ya zabibu, na asubuhi hukosi yangeyange, bata bukini, korongo, na mdiria wale weusi kwa weupe. Nilikuwa nimesimama upande ambao jua lilikuwa linanichoma usoni, nikidhani nipo karibu na ndege ndiyo maana nipo pazuri. Mzee mmoja alikuwa anakunja nyavu zake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Unamvizia nani hapo?"

"Yangeyange, babu."

"Yangeyange akiinuka anaukabili upepo, mjukuu wangu. Wewe umesimama nyuma yake. Utapiga mkia mpaka jioni."

Upepo wa Dodoma kwa sehemu kubwa ya mwaka unatoka mashariki na kusini mashariki. Asubuhi jua nalo liko mashariki. Kwa hiyo ukisimama ukingo wa mashariki, jua mgongoni, kila ndege anayeinuka anaukabili upepo, anakuja kwako, na uso wake umepata mwanga. Sehemu nyingi za kupiga picha duniani watu wanangoja siku ambayo upepo na jua vitakubaliana. Hapa vinakubaliana karibu kila asubuhi ya kiangazi. Jioni mambo yanageuka: jua liko magharibi, ndege anaelekea mashariki, na unachopata ni migongo, labda apite kwa ubavu.

Lakini ndege anayekuja moja kwa moja ndiye mgumu kuliko wote kwa autofokasi iliyopunguzwa mwendo, kwa sababu umbali unabadilika kila sekunde. Anayepita kwa ubavu umbali wake haubadiliki sana. Nilichofanya ni kuacha kumfuata tangu anapoinuka. Naanza naye akiwa bado mbali na mdogo, nafokasi, naachia, nafokasi tena, na shata naianza akishafika ukubwa wa nusu ya fremu. Kwenye lenzi kuna swichi inayozuia fokasi isirudi chini ya mita 3. Iweke huko na uisahau. Bila hiyo, fokasi ikimpoteza ndege inasafiri mpaka karibu kabisa halafu irudi, na kwa mwendo wa nusu, yangeyange amekwisha kutua ng'ambo.

Nikiwa na ya 1.4, saa moja na nusu asubuhi natumia shata ya sekunde 1/2000, f/5.6, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 800. Ikifika saa tatu nashuka ISO 400 na shata inapanda hadi 1/3200. Yote kwa mkono, si otomatiki, kwa sababu yangeyange ni mweupe na nyuma yake mara kuna anga, mara kilima, mara maji. Kamera ikijiamulia, manyoya yanaungua yote yanakuwa karatasi. Pima weupe wake mara moja, weka, basi. Kwa mwendo huo wa shata nazima pia kituliza mtikisiko cha lenzi, hakina kazi pale.

Mdiria ndiye mwalimu. Anasimama angani juu ya maji, mabawa yanapiga, kichwa kimetulia kabisa, anapima samaki. Sekunde kadhaa hatoki mahali. Ndege mwingine yeyote angekuwa ameshapita, huyu anaingoja fokasi yako ya polepole ifike. Kwa 300mm tupu nilikuwa nampata mdogo, nikikata picha anabaki na pikseli chache za kuonyesha watu. Kwa 420 nina picha moja ambayo jicho lina nukta ya jua ndani yake na tone la maji liko nchani mwa mdomo. Ukinionyesha nyingine niliyoikuza kwenye kompyuta kutoka 300, nitakutajia ipi ni ipi bila kuangalia taarifa za faili. Kwa ndege mdogo aliye karibu kiasi, kwenye mwanga wa kutosha, telekonveta inashinda kukata picha. Hapo sina shaka.

Mbali na hapo, jua la Dodoma linakupa na kukunyang'anya. Mwanga mkali wa uwanda huu ndio unaofanya f/5.6 isiwe shida. Ila ikikaribia saa nne, ardhi imepata moto na hewa juu ya tope kavu inaanza kucheza. Mazigazi yanayoonekana barabarani ukielekea Singida ndiyo hayohayo yanayokaa kati yako na ndege aliye mita mia. Telekonveta inakuza ndege na inakuza hewa inayocheza pia. Nilikwenda Bahi, kwenye mbuga ya maji ya upande wa mashamba ya mpunga, na picha za alfajiri zilikuwa kali, za saa tano zote zilionekana kama zimefokasi vibaya ilhali fokasi ilikuwa sahihi. Wengi wanailaumu telekonveta hapo na kwenda kuiuza. Si kosa lake. Baada ya saa nne naivua, au nangoja wale wanaopita karibu, au nakula.

Bahi hiyohiyo kwa ajili ya kwelea kwelea, iache kwenye begi. Kundi linapogeuka juu ya mtama unataka lenzi fupi, umpate mkulima na debe lake analolipiga, na kundi zima nyuma yake. Kwa 420 utapata vidoa vya kahawia visivyo na mwanzo wala mwisho.

Ya 2 niseme kwa ufupi kwa kuwa haikunichosha kuiacha. Kwenye 7D Mark II, ukifika f/8, nukta ya katikati ndiyo inayobeba kazi ya fokasi. Zile nukta 65 za fokasi ulizozinunulia kamera unazisahau. Ndege lazima umweke katikati, kwa fremu ya 600mm, huku mota inakwenda robo ya mwendo wake. ISO ya asubuhi inapanda 1600, na kivuli chini ya bawa kinajaa chembechembe. Kwenye bwawa la Mtera, furukombe aliyekuwa anazunguka juu kwa utulivu nilimpata vizuri, kwa sababu mbingu tupu haina kitu kingine cha kufokasi. Alipojirusha kuchukua samaki, sikupata hata moja. Mwenye kamera mpya isiyo na kioo ndani, za jamii ya R5 na wenzake, asinisikilize sana kwenye aya hii: zile zinafokasi karibu fremu nzima hata kwenye f/8 na zinalijua jicho la ndege.

Ukiwa Mtera, barabara ya Iringa inapita juu ya tuta la bwawa, na bwawa ni la umeme. Lenzi ndefu pale inaita askari kuliko inavyoita ndege. Sogea mbali na tuta, waulize wavuvi njia ya ukingoni, jitambulishe. Vilevile mjini, usizungushe lenzi ya namna hii karibu na majengo ya serikali eti unamfuata mwewe. Mwewe wa mazoezi wapo wengi juu ya soko la Majengo, na wanazunguka taratibu mpaka hata fokasi ya nusu mwendo inawapata.

Mambo mawili ya fundi. La kwanza, telekonveta na lenzi zikiungana zinaweza kufokasi mbele kidogo au nyuma kidogo ya unapolenga, hata kama lenzi peke yake ni sahihi. 7D Mark II inakuruhusu kurekebisha na inaitunza rekodi ya lenzi ikiwa na telekonveta kando na ile ya lenzi tupu. Nilibandika gazeti ukutani, kamera kwenye tripodi kwa mshazari, nikaangalia ni safu ipi ya maandishi imetoka kali. Ilibidi niisogeze kidogo nyuma, na tangu hapo manyoya ya shingo yakaanza kuonekana badala ya ncha ya bawa lililo karibu. La pili ni vumbi. Funga telekonveta nyumbani, dirisha limefungwa, feni imezimwa, na usiifungue ukingoni kwa bwawa mwezi wa nane. Kila unapofungua, unafungua milango miwili badala ya mmoja, na anga la bluu halifichi doa hata moja.

Kabla hujatoa fedha, angalia lenzi uliyonayo. Kioo cha mbele cha telekonveta hizi za Canon kinachomoza na kuingia ndani ya lenzi, kwa hiyo hazikai kwenye lenzi ndogo kama 55-250mm inayokuja na kamera. Ila wenzangu wa harusi wengi wana 70-200mm f/2.8, na hiyo inaingia. Kwa 1.4 inakuwa 98-280mm f/4, na fokasi bado ina mwanga wa kutosha. Kwa 2 inakuwa 140-400mm f/5.6, na kwa lenzi hiyo ningeitazama ya 2 kwa jicho jingine kabisa, maana f/5.6 inaziacha nukta za pembeni zifanye kazi. Jihadhari na zile za bei ya chini zisizopeleka mawasiliano ya umeme kati ya lenzi na kamera; ndege anayeruka hafokasiwi kwa mkono, labda uwe na bahati na subira nisizonazo.

Ile ya 2 niliyouza ameichukua jamaa anayepiga mpira Uwanja wa Jamhuri. Anaitumia kwenye 70-200 yake mchana, na usiku anapiga mwezi.