Ziara ya chini ya Daraja la Victoria Falls: uzoefu wangu

Kama unapenda mambo ya reli na uko Livingstone (Zambia) au Victoria Falls (Zimbabwe), lipia ziara hii ya daraja la reli lililo mpakani mwa nchi hizo mbili. Inalipwa kwa dola na si rahisi, lakini inastahili.

Uhamiaji wanakupa kikaratasi cha kuingia darajani bila kugongewa muhuri wa kutoka nchini. Ukishafungwa mikanda ya usalama, unateremka kwenye njia nyembamba ya chuma inayopita chini ya reli. Huko ndiko kwenye utamu. Ribiti, yaani pini za chuma zinazounganisha vipande vya daraja, zimejipanga safu kwa safu, unazigusa kwa mkono wako, na ukiangalia chini ni Zambezi, zaidi ya mita 100. Mwongozaji alitusimamisha katikati ya tao, pale nusu mbili za daraja zilipokutana Aprili 1905. Vipande vya mwisho viligoma kuingia kwa kuwa chuma kilikuwa kimetanuka kwa joto la mchana. Usiku kikapoa, asubuhi vikakaa sawasawa. Chuma chote kilitengenezwa Darlington, Uingereza, kikashushwa bandarini Beira, Msumbiji, na kuletwa huku kwa reli.

Maelezo ya njia yenyewe yalinifurahisha zaidi. Wengi tumezoea kusikia ya Cecil Rhodes, yule mkoloni tajiri wa Kiingereza, na reli yake ya Cape hadi Cairo, na jinsi alivyotaka mabehewa yarushiwe manyunyu ya maporomoko. Rhodes alifariki 1902 na hakuwahi kufika hapa. Kilichoivuta reli kutoka Bulawayo kuja upande huu ni makaa ya mawe ya Wankie, Hwange ya leo. Ikavuka mto, ikafika Broken Hill (sasa Kabwe) 1906 kufuata risasi na zinki, na 1910 ikaingia Elisabethville (sasa Lubumbashi). Ndugu zetu wa Lubumbashi, shaba ya Katanga ilipita juu ya daraja hili ikielekea Beira.

Nasi Watanzania tumo. Nilitoka Dar kwa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, hadi Kapiri Mposhi huko Zambia, nikamalizia kwa basi, na ni darajani nilipoelewa vizuri kwa nini reli yetu ilijengwa: shaba ya Zambia ilitegemea njia hii ya kusini, iliyokuwa mikononi mwa Ian Smith, waziri mkuu wa serikali ya walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo). Mpaka ulifungwa 1973. Agosti 1975 behewa likaegeshwa hapa katikati, Smith akakaa upande wa Rhodesia na viongozi wa ukombozi upande wa Zambia, Rais Kaunda wa Zambia na Vorster, waziri mkuu wa Afrika Kusini, wakiwa wasuluhishi. Mazungumzo yakavunjika.

Kilichonikera ni hiki. Tulitajiwa Hobson aliyesanifu, Imbault Mfaransa aliyesimamia ujenzi, na Profesa George Darwin, mtoto wa Charles Darwin, aliyelifungua tarehe 12 Septemba 1905. Waafrika waliobeba vyuma na kutandika reli kwenye jua hili la bondeni wakapewa sentensi moja. Nilipouliza, mwongozaji alijibu kwa moyo, tena alikuwa na mengi ya kusema. Basi kwa nini yasiwe ndani ya ziara tangu mwanzo?

Natoa nyota nne kati ya tano. Nenda asubuhi kabla ya jua kali, vaa viatu vya kufunga kamba, na waulize habari za vibarua.