Moshi hadi Mombasa na watoto: laleni Mji wa Kale

Miaka yote kwetu safari ya pwani ilikuwa Dar au Tanga. Desemba iliyopita tukasema hapana, twende Mombasa: mimi, mume wangu, watoto wawili na mama mkwe, siku tatu. Kutoka Moshi ni kama kilomita 300, karibu nusu ya njia ya Dar.

Basi lilichelewa kutoka stendi saa mbili nzima na hakuna aliyetuomba radhi. Mpakani Holili tulipita vizuri kwa sababu kila mmoja wetu, hadi yule wa miaka minne, alikuwa na hati yake ya kusafiria. Familia iliyokuwa mbele yetu ilikwama kwa ajili ya mtoto mmoja asiye na hati, mama yake akabaki analia. Nendeni Uhamiaji mapema jamani. Ukishavuka Taveta, lami inakatiza Tsavo mpaka Voi, na tembo wa huko ni wekundu kwa vumbi la udongo wao. Mama mkwe alikaa dirishani kutafuta reli ya zamani ya Voi na Moshi. Kila alipoiona alituita sote tuitazame.

Tulikosea kwenye malazi. Usiku wa kwanza tulilala hoteli moja ng'ambo ya daraja la Nyali kwa kufuata picha za bwawa. Maji ya bafuni yalikatika usiku, na asubuhi foleni ya darajani ilitumalizia saa za ubaridi. Siku ya pili tukahamia nyumba ndogo ya wageni Mji wa Kale, hatua chache kutoka ngome ya Fort Jesus, na hapo ndipo safari ilipoanza kwa kweli.

Ngome ingieni saa mbili asubuhi, kabla jua halijakolea. Bebeni hati zenu, maana wananchi wa Afrika Mashariki wana kiingilio chao cha chini. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Mwaka 1696 Waomani waliizingira, na waliokuwa ndani wakashikilia karibu miaka mitatu huku njaa na maradhi yakiwamaliza, hadi ilipoanguka mwaka 1698. Baadaye Waingereza waliigeuza gereza. Mwenyeji aliyetutembeza alieleza haya taratibu, akimsubiri mama mkwe kila penye ngazi. (Bei tulikubaliana naye kabla ya kuanza. Msiache hilo.)

Kilichonishika zaidi ni ukuta wenye michoro ya Wareno: meli zenye milingoti na kamba zake, zimechorwa na watu waliokuwa mbali na kwao. Binti yangu wa miaka tisa alisimama pale muda mrefu akihesabu matanga, kisha akaniuliza kama waliozichora walirudi nyumbani. Sikuwa na jibu. Nilimshika mkono tukatoka juani, kwenye mizinga inayotazama bahari.

Jioni tulizunguka vichochoro, milango ya nakshi, roshani za mbao, tukapita Msikiti wa Mandhry ambao unasemekana ulijengwa mwaka 1570. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga viazi karai alimwita mdogo wetu, "Ndoo, mwanangu, ndoo!" Mtoto akaanza kutafuta ndoo. Ni njoo ya Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, na yule mama alipoelewa alicheka, akamwongezea viazi viwili na ukwaju juu. Nimezungumza Kiswahili tangu utotoni, lakini kusikia "mato" kwa macho na "ndia" kwa njia kulinifurahisha kama mtu aliyekutana na shangazi ambaye hakuwahi kumwona.

Asubuhi kula mahamri na mbaazi za nazi zikiwa moto. Mahamri yao yana iliki, mepesi, yamevimba ndani. Mama mkwe, mtu wa mtori na asiyesifu chakula hovyo, alikula manne.

Joto ni kali kwa sisi tuliozoea upepo wa mlimani, kwa hiyo mchana pumzikeni ndani na watoto wanywe madafu. Ufukweni hatukufika kabisa, na hakuna aliyeulizia. Pasaka tunarudi, usiku zote tatu Mji wa Kale. Chumba nimeshakishika, kile cha juu chenye dirisha la kutazama bandari ya majahazi.